Gari moja Minnesota, jingine Florida: namba za wapi, bima ya wapi?

Swali

Kaka, salamu kutoka Brooklyn Park, Minnesota. Mimi ni nesi hapa. Mume wangu alipata kazi Tampa, Florida, mwezi wa tatu, na huko tumenunua nyumba ndogo. Mimi nashuka kila nikipata likizo, naye hupanda kiangazi. Magari ni matatu. RAV4 ninayo mimi. Camry anayo mume wangu Tampa, bado ina namba za Minnesota, na hati yake ina majina yetu wote wawili. Civic anayo kijana wetu anayesoma chuo Wisconsin. Yote matatu yako chini ya bima moja ya Minnesota. Binamu yangu anasema tusiguse kitu, bima ya Florida ni ghali mno, na gari lenye bima ya Marekani linatembea Marekani nzima. Rafiki yetu wa kanisani anasema tuhamishie yote Florida kwa kuwa kule hakuna kodi ya mapato ya jimbo. Tumsikilize nani? Na mume wangu akienda Kisumu miezi mitatu mwisho wa mwaka, tunaweza kukata bima ya Camry tupunguze gharama?

Jibu

Dada, usimsikilize hata mmoja, ila ushauri wa binamu ndio utakaowaumiza mapema. Camry inatakiwa iwe na namba za Florida na bima ya Florida, na muda uliowekwa na sheria umeshapita. RAV4 ibaki Minnesota. Civic inaweza kubaki ilivyo kwa masharti nitakayoyataja huko chini.

Najua kwa nini jambo hili linawachanganya watu wetu. Kenya ukishasajili gari NTSA, au Tanzania ukisajili TRA, unaweza kulinunua Mombasa ukaishi nalo Kisumu miaka yote na hakuna atakayekuuliza, kwa sababu namba ni ya nchi nzima. Marekani haina namba ya nchi nzima. Kuna majimbo 50 na Washington, D.C., na kila mahali pana sheria yake ya usajili, kiwango chake cha chini cha bima na ofisi yake inayosimamia kampuni za bima. Hiyo kampuni unayoiona kwenye matangazo kila jimbo ina jina moja, lakini mkataba inaouza Minnesota umeandikwa kwa sheria za Minnesota, na bei yake imepangwa kwa ajali, wizi na gharama za hospitali za Minnesota, tena hadi kwenye mtaa wako. Ndiyo maana swali la kwanza ninalomuuliza mteja mpya si jina lake wala leseni yake. Namuuliza: gari linalala wapi?

Camry inalala Tampa. Hilo peke yake linatosha kuiondoa kwenye bima ya Minnesota, hata kama ingekuwa ni ya mstaafu anayekwenda tu kukimbia baridi. Florida inasema gari la mgeni likishakuwa ndani ya jimbo zaidi ya siku 90 katika siku 365 zilizopita, si lazima ziwe mfululizo, mwenye gari lazima awe na bima inayotimiza sheria ya Florida. Na mumeo si mgeni wa aina hiyo. Ameajiriwa kule. Mtu akipokea ajira Florida, au akimwandikisha mtoto shule ya serikali, ana siku 10 za kusajili gari lake humo. Leseni ya udereva ana siku 30. Kwa hiyo tangu mwezi wa tatu amekuwa akiendesha nje ya sheria, na polisi yeyote akimsimamisha mara mbili mtaani kwake anaweza kuliona hilo.

Faini ya barabarani ni ndogo. Hofu yangu ni ajali. Binamu ana ukweli nusu: mkataba wa kawaida wa gari la binafsi unakufuata katika majimbo yote, Puerto Rico na Kanada, na ukiingia jimbo linalodai kiwango cha juu zaidi, mkataba unapanda hadi kiwango hicho kwa safari hiyo. Kifungu hicho kiliandikwa kwa msafiri. Mumeo akigongana kwenye barabara ya I-275, mtu wa madai wa kampuni ya bima atapiga simu na kuuliza kwa upole: gari liko Florida tangu lini, unafanya kazi wapi, usiku huu utaliegesha wapi? Akitaka, ataomba bili ya umeme, risiti za fundi, rekodi za vituo vya ushuru wa barabara. Ikionekana mlijua gari limehama mkaacha anwani ya Brooklyn Park kwa sababu ya bei, kampuni ina njia ya kukataa dai, kudai tofauti ya ada, au kuufuta mkataba wote, na RAV4 yako ikiwemo. Baada ya hapo kila kampuni utakayoomba itakuuliza kama umewahi kufutiwa bima. Nimekaa na familia zilizofika hapo, na akiba waliyokuwa wanaipata kwa mwezi haikufika popote karibu na bili iliyowakuta.

Sasa, mkinunua bima ya Florida, msinunue ile ya chini kabisa. Hapa naomba unisome polepole, kwa sababu wengi hudhani bima ndogo ni bima ndogo tu kila mahali.

Minnesota inamlazimisha kila dereva kuwa na bima ya majeraha ya watu wengine, dola 30,000 kwa mtu mmoja na 60,000 kwa ajali nzima, na 10,000 kwa mali ya wengine. Juu ya hapo kuna PIP, ile inayolipa matibabu na mshahara wako bila kujali nani amekosea, dola 40,000, na kinga dhidi ya dereva asiye na bima, 25,000 na 50,000. Florida, ili upewe namba, inadai vitu viwili tu: PIP ya dola 10,000 na dola 10,000 za mali ya wengine. Bima ya majeraha ya watu wengine haimo. Maana yake mumeo anaweza kutoka ofisi ya bima na kadi halali kabisa mkononi, akamvunja mtu mguu njia panda, na bima yake isitoe hata senti kwa ule mguu. Atadaiwa yeye na mali zenu.

Na wewe utadaiwa pamoja naye. Florida inamhesabu mwenye gari kuwa mhusika wa kosa la yeyote anayeliendesha kwa ruhusa yake. Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua hivyo mwaka 1920 na msimamo huo unatumika mpaka leo. Bunge liliweka kikomo baadaye kwa mtu binafsi aliyemwazima mwingine gari: dola 100,000 kwa majeraha ya mtu mmoja, 300,000 kwa ajali, 50,000 kwa mali, na nyongeza ya hadi 500,000 kwa hasara za kifedha kama vile matibabu na mishahara iwapo dereva hana bima ya kutosha. Jina lako liko kwenye hati ya Camry. Uko zamu ya usiku Minneapolis, gari liko Tampa, na bado linaweza kukufikia. Kwa hiyo ushauri wangu ni wa aina mbili. Kwanza, wakati wa kuhamisha hati, ulizeni kama Camry inaweza kubaki kwa jina la mumeo peke yake. Kama kuna mkopo, mkopeshaji lazima akubali. Mkiamua kubaki wawili, angalieni fomu: majina yakiunganishwa kwa "au" mmoja wenu anaweza kuuza peke yake, yakiunganishwa kwa "na" lazima saini zote mbili, na wewe uko maili elfu moja na zaidi. Pili, nunueni bima ya majeraha ya watu wengine isiyopungua dola 100,000 kwa mtu mmoja na 300,000 kwa ajali, na kinga dhidi ya dereva asiye na bima kwa kiwango hicho hicho. Florida kampuni inalazimika kukupa kinga hiyo ukinunua bima ya majeraha, isipokuwa ukikataa kwa maandishi. Mawakala wenye haraka huwawekea watu ile karatasi ya kukataa kati ya karatasi nyingine. Msisaini. Madereva wasio na bima ya kutosha kule ni wengi.

Kwa sababu wewe ni nesi utaelewa uzito wa jambo moja zaidi kuhusu PIP ya Florida. Inalipa asilimia 80 ya matibabu na asilimia 60 ya mshahara uliopotea, mpaka hizo dola 10,000 ziishe. Lakini mtu asipoonana na mtoa huduma ndani ya siku 14 baada ya ajali, hapati kitu cha matibabu. Na asipopatikana mhudumu anayeruhusiwa na sheria wa kuandika kwamba hali ilikuwa ya dharura, kikomo ni dola 2,500. Wanaume wetu wana tabia ya kusema shingo itapoa yenyewe. Mwambie akiguswa tu na gari, aende akaangaliwe wiki hiyo hiyo.

Mtakuwa basi na mikataba miwili, mmoja wa Minnesota na mwingine wa Florida. Inaweza kuwa kampuni moja, na mimi napendelea iwe moja, kwa sababu baadhi huhesabu punguzo la magari mengi hata yakiwa majimbo tofauti. Uliza, usidhani. Usitegemee sana punguzo la kuunganisha na bima ya nyumba ya Tampa, maana kampuni nyingi zinazokubali nyumba za Florida hazina bima ya gari kabisa.

Kosa linalofanywa mara nyingi na wanandoa wa majimbo mawili ni kuandika mke peke yake kwenye mkataba mmoja na mume peke yake kwenye mwingine. Mikataba mingi humhesabu mwenzi wa ndoa kuwa sawa na mwenye bima endapo wanaishi nyumba moja. Nyinyi mnaishi mbili. Isitoshe, bima yako ya RAV4 kwa kawaida haikulindi ukiendesha gari jingine la familia ambalo haliko kwenye mkataba huo, au gari lililowekwa kwa matumizi yako ya mara kwa mara. Ukishuka Tampa likizo ukachukua Camry kwenda sokoni, unaweza kujikuta katikati ya mikataba miwili na kila mmoja unakuelekeza kwa mwenzake. Dawa yake ni rahisi: wote wawili muandikwe kwenye mikataba yote miwili, mwenye bima au angalau dereva, na kila kampuni ielezwe kwa uwazi kwamba mna nyumba mbili. Mkiwa na bima ya mwavuli, ile ya dola milioni moja inayoanza kulipa pale bima ya gari inapoishia, nayo itaje magari ya majimbo yote mawili. Nyingi hudai kwanza uwe na 250,000 kwa 500,000 kwenye gari, na kampuni ikikuta Camry ina kiwango cha chini, pengo lililo katikati mtalijaza nyinyi.

Mpangilio wa kazi ndio huu, na usigeuzwe. Mumeo anunue kwanza mkataba wa Florida, kutoka kampuni iliyosajiliwa kufanya kazi Florida, kwa sababu kadi ya bima ya Minnesota haitapokelewa dirishani. Kisha aende ofisi ya mtoza kodi ya kaunti, kwake ni Hillsborough. Kule kazi ambayo kwenu inafanywa na DVS, ofisi za magari na leseni za Minnesota, hufanywa na hao. Abebe hati ya umiliki ya Minnesota, kitambulisho, kadi ya bima, na fomu HSMV 82040 ya kuombea hati ya Florida. Kumbuka huku hati ya umiliki na karatasi ya usajili ni vitu viwili, si kama logibuku ya Kenya au kadi ya gari ya Tanzania. Namba ya chasisi lazima ikaguliwe kwa macho kwa kuwa gari limetoka jimbo jingine, kwa hiyo aende na gari lenyewe. Kama hajawahi kuwa na namba ya Florida, kuna ada ya dola 225 ya mara ya kwanza, mbali na ada za kawaida za hati na namba. Kodi ya mauzo ya asilimia 6 isiwatishe: gari lililotumika jimbo jingine miezi sita au zaidi kabla ya kuingia Florida halidaiwi, mradi muwe na ushahidi. Akishapata namba mpya na kuifunga nyuma ya gari (mbele hawaweki), hapo ndipo wewe upige simu Minnesota waitoe Camry kwenye mkataba. Siku moja ya pengo katikati ni siku moja bila bima. Na abadilishe namba kwenye akaunti yake ya ushuru wa barabara siku hiyo hiyo, la sivyo bili zitafuata gari lisilojulikana.

Kuhusu Kisumu: usikate. Florida inadai bima muda wote ambao gari lina namba hai, hata kama limefungiwa gereji na betri imekufa. Kampuni ikikata, jimbo linaarifiwa kwa kompyuta, na leseni pamoja na usajili husimamishwa. Kuvirudisha kunaweza kufika dola 500. Njia halali ya kukata ni kurudisha namba ofisini kwanza, kuchukua risiti, halafu kukata. Kwa miezi mitatu sioni faida, kwa sababu akirudi atakuwa mtu aliyekaa bila bima, na bei humpandia mtu huyo. Badala yake aiambie kampuni gari limeegeshwa. Kama hakuna mkopo, anaweza kuondoa kwa muda ile sehemu inayolipa gari lake likigongana, akabakiza inayolipa wizi, moto, maji na upepo. Hiyo asiiguse. Msimu wa vimbunga unaanza Juni 1 na kuisha Novemba 30, na mwaka 2024 eneo la Tampa Bay lilipata maji ya kimbunga Helene mwishoni mwa Septemba, kabla hawajakausha mazulia Milton akaja Oktoba 9. Dhoruba ikishakaribia, kampuni hufunga mlango wa kununua au kuongeza bima. Lolote mnalotaka kubadilisha, libadilisheni anga ikiwa safi.

Minnesota kwenu ni laini zaidi hapo: bima inadaiwa kwa kipindi ambacho gari linakusudiwa kutumika. Ndiyo maana jirani zako wanaweza kuegesha gari la pili majira ya baridi na kupunguza bima bila barua kuwafuata. Usichukue desturi ya jimbo moja ukaipeleka jingine. Wasomaji wa New York nao wanajua ukali wa kwao: bima lazima iwe imetolewa New York, jina kwenye bima lifanane na jina kwenye usajili, na ukikata bila kurudisha namba unahesabiwa dola 8 kwa siku mwezi wa kwanza, kisha 10, kisha 12. Pengo likifika siku 91, leseni nayo inasimamishwa.

Rafiki wa kanisani amechanganya gari na kodi. Namba ya Florida haimfanyi mtu wa Minnesota kuwa mkazi wa Florida. Wewe unafanya kazi Minnesota, unaishi humo zaidi ya siku 183 na una nyumba humo. Minnesota itakuhesabu mkazi wake hata RAV4 ikiwa na picha ya chungwa kwenye namba. Kuipeleka RAV4 Florida wakati inalala Brooklyn Park ni kosa lile lile la Camry, ila kinyumenyume. Kwa mumeo, usajili wa gari na leseni vitahesabika miongoni mwa ushahidi wa makazi yake mapya, pamoja na mengine mengi, kwa hiyo mpelekeeni mhasibu anayejua majimbo yote mawili. Jambo moja tu nalisema kwa nguvu: punguzo la kodi ya nyumba ya makazi ya kudumu msiliombe kote kuwili kabla ya kuongea naye. Kaunti za Florida hulinganisha rekodi na majimbo mengine, na wanaokutwa hulipishwa kodi za nyuma pamoja na adhabu.

Sasa kijana. Mwanafunzi wa kutwa anayesoma nje ya jimbo kwa kawaida hahesabiwi amehamia huko, na gari la wazazi linaweza kubaki na namba za nyumbani. Sharti la kwanza: kampuni yenu ya Minnesota iambiwe leo kwamba Civic inalala Wisconsin, mji gani na mtaa gani. Bei inaweza kupanda au kushuka kidogo, lakini mkataba utakuwa wa kweli. La pili: gari liwe kwa majina yenu. Likiwa kwa jina lake, anahitaji kuandikwa mwenye bima mwenyewe. La tatu: siku akichukua leseni ya Wisconsin, akapata kazi ya kudumu au akaomba karo ya mkazi, gari lihamie huko pamoja naye. Ulizia pia punguzo la alama nzuri. Kampuni nyingi hulitoa kwa wastani wa B, na wanachotaka ni nakala ya matokeo tu. Akikubali kuliacha gari nyumbani muhula unaokuja na chuo kiko zaidi ya maili 100, kuna punguzo jingine la mwanafunzi aliye mbali bila gari.

Anza na Camry wiki hii. Wakala wa Florida atahitaji namba ya chasisi, leseni zenu nyote wawili, tarehe ambayo mumeo alianza kazi, na ukurasa wa kwanza wa mkataba wenu wa Minnesota unaoonyesha mmekuwa na bima bila kukatika. Mpeni tarehe ya kweli ya kuanza kazi, hata kama inawatia aibu.